Waliandika Kwamba Mwantumu Hafundishiki

Wewe mwenye mtoto ambaye shingo haijakaza na umri wa kwenda shule umemfika, haya ni yako. Wengine wakisoma si vibaya, lakini nimekukusudia wewe. Mimi ni mtu mzima, shule niliishia darasa la tatu, na nimeandika taratibu, siku nyingine mistari minne tu, mgongo ukikataa naacha. Habari za dawa na majina yake sitakueleza kwa kuwa siyajui. Nitakueleza tulivyongoja, maana kazi yetu kubwa ilikuwa kungoja.

Mwantumu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Saida. Alizaliwa mzima. Nalisema hili kwanza kwa sababu huku kwetu Dunda wapo wanaopenda kusema alizaliwa vile. Hakuzaliwa vile. Alikaa kwa wakati wake, akatambaa kwa wakati wake, akasimama kwa kushika ndoo yangu ya maji na akaimwaga. Maneno alikuwa nayo: "bibi", "maji", "sitaki", na jina la paka wa jirani yetu Bi Siwema. Alikuwa na miaka miwili na miezi kidogo masika yale homa ilipomshika.

Ilianza Alhamisi. Ijumaa adhuhuri, wanaume wako msikitini, macho yakageuka yakawa meupe, mikono ikakaza, meno yakasagana. Degedege. Saida akamnyakua akitaka kukimbia naye hospitali. Mimi nikasimama mlangoni nikamzuia.

Hapa nisikilize vizuri, ndipo nilipokosea. Sisi wazee wa huku tumelelewa na neno moja: mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, ukimchoma anakufa. Mama yangu aliniambia hivyo, naye aliambiwa na mama yake, na kila mmoja wetu anamjua mtoto aliyechomwa akafa. Hakuna aliyetuambia kwamba watoto wale walikuwa wameshachelewa kabla sindano haijawagusa. Basi nikasema afukizwe kwanza. Mzee Mwinyimvua akaja na vitu vyake, tukamfunika shuka, tukamfukiza kinyesi cha tembo, akatulia. Tukashukuru. Jumamosi likamrudia mara tatu. Jumapili asubuhi, mimi nimekwenda bombani, Saida akamfunga mgongoni akaondoka naye bila kuniaga.

Alilazwa siku kumi na saba. Alichomwa sindano nyingi, na hakufa. Lakini mtoto aliyerudi nyumbani alikuwa na shingo kama ya kifaranga, macho hayajui pa kutua, na maneno yote yamekwenda.

Saida hakunilaumu mbele za watu. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachagua mchele. "Mama, siku mbili zile." Hakumaliza. Mimi nikaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele. Baba wa mtoto, Hamadi, alivumilia mpaka vuli, kisha akahamia Lugoba akaoa huko. Saida akapata kibarua Kiwangwa kwenye mashamba ya mananasi, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Watu walisema amemkimbia mtoto. Mimi najua alinikimbia mimi.

Tukabaki wawili, na Jumanne zetu.

Jumanne ndiyo siku ya mazoezi. Chumba chenyewe kiko mwisho wa baraza ya hospitali, na nje kuna mabenchi mawili, moja la mbao na moja la saruji. La saruji ukilikalia saa tatu, hata wewe mwenyewe unahitaji mazoezi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu. Miaka yote nilidhani Mungu amemchagua Mwantumu peke yake, kumbe tulikuwa tunajaza mabenchi. Alikuwapo Mama Zawadi, ametoka Lugoba na mwanawe Zawadi, amedamka alfajiri ili awahi namba. Huyo mama alikuwa na mdomo! Akiona tumenyamaza sana alikuwa akisema, "Jamani, sisi wabunge, kukaa na kusinzia tu. Nani atoe hoja?" Tunacheka, watoto nao wanacheka hata wasiojua tunacheka nini. Nilipata faida kwenye lile benchi kuliko ndani. Mama Zawadi ndiye aliyenifundisha kumlisha Mwantumu akiwa ameketi, kidevu chini, kijiko kidogo, usimmiminie. Kabla ya hapo nilikuwa namlaza na kumnywesha uji kama tunavyonywesha sisi, na kila wiki kifua kilikuwa kinamkoroma. Jambo dogo. Lakini tangu siku ile kifua kilitulia.

Miaka ninaihesabu kwa viungo vyake. Kiangazi cha kwanza kilikuwa cha shingo. Masika ya pili yalikuwa ya mikono, maana vidole vilikuwa vimejikunja vikaota kucha ndani ya kiganja, ikabidi tuvifumbue kimoja kimoja kwa mafuta ya nazi. Vuli iliyofuata miguu ilianza kukatana kama mkasi, ukimvalisha nguo unapigana. Na alikuwa anakua. Mtoto unayembeba akiwa na miaka mitatu si yule unayembeba akiwa na sita. Mwili wake ulirefuka, wangu ukafupika. Degedege lilikuwa likija kila wiki, halafu kila mwezi, halafu kwa vidonge vya asubuhi na jioni likawa linakuja kama mgeni asiye na haya, mara mbili kwa mwaka.

Mwenye mazoezi alikuwa dada mmoja anaitwa Neema, mfupi, mikono ya chuma. Siku moja anamnyoosha Mwantumu, akasimama ghafla.

"Bibi, huyu anasikia."

"Anasikia, ndiyo. Masikio hayana taabu."

"Sisemi masikio. Nasema anaelewa. Nimemwambia alegeze mguu wa kulia, ameulegeza." Akaniketisha. "Ukifika nyumbani muulize maswali ya ndiyo na siyo. Halafu ungoje. Hesabu mpaka kumi moyoni. Sisi tunauliza tukajijibu wenyewe, naye ndiyo kwanza anataka kuanza."

Kazi yangu mimi ni ukili. Nasuka ukili wa rangi, naushona mikeka. Nikamweka Mwantumu kwenye kiti alichomchongea Fundi Athumani, kiti chenye mgongo wa pembe, ubao wa kifua na magurudumu ya baiskeli, nami chini nasuka. Nikamwuliza, "Mwantumu, sasa nitie nyekundu?" Nikahesabu. Nilipofika saba akafumba macho, akayabana. "Nitie zambarau?" Nikahesabu. Macho yakapanda juu mpaka nikaona weupe, nikaogopa nikadhani ni lile gonjwa. Halikuwa lile gonjwa. Alikuwa ananiambia ndiyo. Na kweli ilikuwa zambarau! Nyekundu mbili, kijani moja, zambarau. Mtoto ameketi miaka minne mbele ya mikono yangu, ameshika mtindo wote, na mimi namwita wangu masikini.

Nilimwomba radhi siku ile. Nilimwambia, "Nisamehe, mama'ngu, nilikuwa nazungumza juu ya kichwa chako."

Tangu hapo tukawa na mazungumzo. Juu ni ndiyo, kufumba ni siyo. Na kwa kuwa sasa najua anaelewa, nikaanza kumtia adabu kama mtoto mwingine. Kitu cha kwanza anachofundishwa mtoto kwetu ni kuamkia wakubwa. Kusema hawezi. Basi nikamfundisha shikamoo yake: mkubwa akiingia, unainamisha macho chini, unakaa hivyo mpaka akuitikie marahaba, ndipo unainua. Alilishika kwa siku mbili. Wageni wangu wote walijua. Hata muuza samaki alikuwa akifika anasema, "Marahaba, Mwantumu," kabla hajatua ndoo. Nilijivuna sana kwa jambo lile. Kumbuka hilo, nilijivuna.

Alipotimiza miaka saba nikaenda kumwandikisha shule. Shule siitaji jina. Ina darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, chumba kimoja, mwalimu mmoja, Mwalimu Felista. Mwalimu mkuu, Mwalimu Pazi, alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Akatazama kiti cha Mwantumu, akatazama udenda, akakuna kichwa.

"Bibi, nikuulize bila kukuficha. Nani atampeleka chooni?"

"Mimi."

"Utakuwa unakuja kila siku?"

"Mimi kila siku nipo naye, Mwalimu. Nikija huku nabadilisha kivuli tu."

Akacheka. Akasema yeye hana pingamizi, ila mtoto wa namna hii hupimwa kwanza na watu wa elimu maalumu, wao ndio wanaoandika. Tukangoja kupimwa tangu mwezi wa kwanza mpaka masika yakaanza. Walipokuja walikuwa watatu, na mkubwa wao Bwana Kessy, mrefu, mpole, amevaa tai, ana watoto wengi wa kuwaona siku ile. Nilimwosha Mwantumu, nikamsuka nywele mtindo wa twende kilioni, nikamwambia njia nzima, "Leo kuna wakubwa. Adabu, mama'ngu. Usiniaibishe."

Mimi nikaambiwa nikae nje. Sikukaa hata robo saa, mlango ukafunguliwa. Bwana Kessy akanipa karatasi, akanipa pole. Kusoma najua, ila naenda pole pole. Nililisoma lile neno silabi kwa silabi hapo barazani: ha-fu-ndi-shi-ki. Nikarudi mwanzo nikalisoma tena, nikidhani macho yangu.

"Bibi, tumejaribu," akaniambia. "Tumemwonyesha picha, tumemwita jina, tumepiga makofi. Macho yako chini mwanzo mpaka mwisho. Hajaangalia hata picha moja. Umpende tu nyumbani, umpe lishe nzuri."

"Nyumbani anaangalia."

"Wazazi wote wanasema hivyo, Bibi." Wala hakulisema kwa ubaya.

Nilimsukuma mpaka nyumbani. Mvua ilitunyeshea, sikutafuta hata pa kujikinga. Usifikiri nilikuwa na imani muda wote. Nilikuwa nafikiri labda ni kweli. Labda macho yale yalikuwa yakipanda yenyewe, nami mzee mwenye dhambi zangu nimejitengenezea mtoto anayenijibu, ili mlango ule niliomzuilia Saida usiwe mzito sana kwangu. Siku tatu sikumwuliza swali lolote. Naye hakunililia. Alikuwa ananitazama tu.

Siku ya nne akaingia Bi Siwema. Bi Siwema akija na habari huwa haingii kwa mguu, anaingia kwa sauti. Ameanzia uani: mtoto wa fulani ameachika, mahari imerudishwa, kitanda kimetolewa nje watu wanaona. Akaketi mkekani, anaendelea. Nikamtazama Mwantumu. Macho chini. Bi Siwema anasema, mtoto macho chini. Habari ya kitanda ikaisha, ikaanza ya shemeji wa yule aliyeachika, mtoto macho chini, shingo inatetemeka kwa kuchoka.

"Siwema! Mwitikie mtoto!"

"Yuu, nisamehe! Marahaba mwanangu, marahaba."

Macho yakainuka.

Nilisimama, ukili ukanianguka. Bi Siwema akaniuliza, "We, umeng'atwa na nini?"

"Hawakumwitikia," nikamwambia. "Siwema, wale hawakumwitikia! Amewaamkia, amekaa karibu robo saa anangoja marahaba yao mpaka wamemtoa nje!"

Bi Siwema akaiacha habari ya shemeji katikati, na wanaomjua watakwambia jambo hilo lina uzito gani. Kisha akasema, "Robo saa? Na shingo ile?" Akamtazama Mwantumu. "Wanangu mimi wana shingo nzima, na hakuna hata mmoja angevumilia."

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa Bwana Kessy na Mwantumu wangu. Sikumkuta. Kesho kutwa nikamkuta yuko kikaoni. Siku ya tatu nikafika kabla ya mfagiaji, nikatandika kanga yangu barazani, nikaanza kusuka. Karani mmoja, Bi Tausi, akanionea huruma akaniletea chai na chapati, akamwuliza Mwantumu kama anataka sukari, akangoja jibu baada ya mimi kumfundisha. Saa tano Bwana Kessy akatokea.

"Bibi, karatasi imeshakwenda."

"Uirudishe."

"Hairudishwi hivi hivi. Sikiliza. Mimi mwenyewe naamini kila mtoto ana haki ya kusoma, sheria inasema, serikali inasema. Lakini..."

"Hiyo 'lakini' imeandikwa kwenye sheria gani, baba? Nionyeshe, nisome."

Akaona haya, akatazama tai yake. Nikamweleza habari ya shikamoo. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, nikachanganya na kitanda cha Bi Siwema. Mwishowe nikamwambia, "Makosa ni yangu. Nilimfunza adabu nikasahau kuwaambia nyinyi. Usimfunge mtoto kwa makosa ya bibi yake. Yaliyompata kwa makosa yangu yametosha." Sikukusudia kulisema hilo la mwisho. Lilitoka lenyewe.

Akanipa siku ya kumpima tena, pale pale shuleni. Safari hii nikakataa kukaa nje, na Mwalimu Felista akasema Bibi akae ndani ila asifungue mdomo. Bwana Kessy akaketi mbele ya Mwantumu na picha zake mkononi. Macho yakashuka chini. Chumba kizima kikaona. Akainua picha ya kwanza.

"Mwitikie kwanza," nikasema. Mwalimu Felista akanikata jicho.

Bwana Kessy akaziweka picha chini. "Marahaba, Mwantumu. Hujambo?"

Macho yakapanda pole pole, yakafika kwenye tai, yakafika kwenye ndevu, yakafika usoni, yakatulia. Bwana Kessy akasahau kuuliza swali.

Mwalimu Felista akamkumbusha, naye akainua picha. "Huyu ni ng'ombe?" Mwantumu akafumba. "Ni mbuzi?" Yakapanda. Wakaenda hivyo picha baada ya picha, mimi nahesabu moyoni mpaka kumi kila mara, midomo nimeibana kwa kanga. Mmoja wa wale watatu akasema huenda ni bahati. Basi Bwana Kessy akaweka picha pembeni.

"Mwantumu, jana mlikula ugali?" Akafumba. "Mlikula wali?" Yakapanda. "Ulikuwa mzuri?"

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akafumba macho, akayabana, akaanza kucheka.

Bwana Kessy akanigeukia. "Ni kweli, Bibi?"

Ikanibidi niseme. "Uliungua kidogo."

Walicheka wote, na Mwantumu akacheka mpaka udenda ukamshuka kifuani. Bwana Kessy akatoa kitambaa chake mwenyewe mfukoni akampangusa. Kisha akatoa ile karatasi, kumbe alikuwa ameirudisha, akalikata lile neno kwa mistari miwili, akaandika juu yake na kutia sahihi. Nikamwambia anisomee. Akasoma: "Anaelewa. Aandikishwe."

Mwisho wa mwezi Saida akaja kutoka Kiwangwa, mikono imechanwa na miiba ya mananasi. Akakuta sare inaning'inia kwenye kamba, sketi ya bluu na shati jeupe, vidogo.

"Ya nani hii?"

"Ya mwanao."

Akaketi kizingitini. Habari za macho nilishamweleza kila alipokuja, hakutaka hata kujaribu. "Mama, usinitie tamaa ya bure. Nakuomba."

"Mwulize mwenyewe. Ukimwuliza, ungoje."

Akamwuliza kama anamjua yeye ni nani. Macho yakapanda. Siku nzima Saida aliuliza maswali, yote ya miaka mitano. Jioni tukiwa jikoni akaniambia, "Mama, siku mbili zile. Na mimi nilikuwa na miguu. Mlangoni ulisimama, lakini hukunifunga kamba." Tukachambua mchicha. Jumatatu alimsukuma mwenyewe mpaka shule, na tangu muhula ule amehama Kiwangwa, anauza matunda hapa mjini, analala kwangu.

Sasa nikwambie shule yenyewe ilivyo, usije ukadhani ni peponi. Beba nguo za akiba, tatu, siyo moja. Beba vitambaa vya mdomo, na uvishonee jina. Uji wake uwe mzito. Mwambie mwalimu degedege likija linafananaje, mwonyeshe kwa mwili wako, asije akamtia kijiko mdomoni. Saa nne nilikuwa nakwenda kumpeleka chooni, na kile choo mlango wake ulikuwa haupitishi kiti. Wazazi wengine wa darasa lile walikuwa wanne tu. Tulimwendea Mwalimu Pazi tukiwa pamoja, naye akamwita fundi akavunja na kupanua. Ukienda peke yako unaitwa msumbufu. Mkienda watano mnaitwa kamati.

Muhula wa kwanza alipigwa na degedege darasani, mkojo ukamtoka mbele ya wenzake, nikasema basi, hawezi kurudi. Asubuhi nikamwuliza, "Tupumzike nyumbani?" Sikufika hata tatu akafumba.

Muhula wa pili Mwalimu Felista akaomba Mwantumu awe anakwenda darasa la kwanza, kwa watoto wote, somo la hesabu na la Kiswahili, kwa kuwa yale ya darasa lake alikuwa ameyamaliza. Sitini na zaidi wale watoto. Wiki ya kwanza walimwogopa, ya pili wakamzoea, ya tatu wakagombana nani asukume kiti. Wawili ndio waliomshika zaidi, Aisha na Baraka, walikuwa wakikaa naye dawati la mbele, huku mmoja na huku mmoja.

Halafu, karibu na likizo, Mwalimu Pazi akanitumia ujumbe nifike ofisini. Si saa nne, sasa hivi. Nikasema leo ndiyo leo, wamechoka. Nilimkuta Mwalimu Pazi nyuma ya meza, Mwalimu Felista amesimama, Mwantumu kwenye kiti chake kati yao.

"Keti, Bibi. Mjukuu wako ana kesi."

"Amefanya nini? Hawezi hata kuinua mkono."

"Hahitaji mkono," akasema Mwalimu Felista. "Mwalimu wao hayupo leo, nikawatolea mimi jaribio la kuandika kweli au si kweli. Nasoma swali, wanaandika. Nikashangaa, mbona watu hawatazami daftari, wanatazama dawati la mbele? Namaliza kusoma, bibie huyu anapandisha macho, Aisha na Baraka wanaandika 'kweli'. Anafumba, wanaandika 'si kweli'. Na walio nyuma wanaangalia kwa Aisha."

"Darasa zima?" nikauliza.

"Nusu," akasema Mwalimu Pazi. Alikuwa ameuma kalamu ili asicheke. "Nusu ya darasa imepata kumi kwa kumi. Na mimi sina la kufanya ila kumhamisha dawati, akae peke yake pembeni siku za mtihani, kama wezi wengine. Na wewe umwonye."

Niliwaomba radhi. Nilisukuma kiti nikatoka, nikavuka uwanja. Saida alikuwa amerudi kutoka sokoni, akatuona tunaingia akaogopa. Nikaegesha kiti uani, nikavuta kigoda, nikaketi mbele ya mjukuu wangu, nikamsema. Nikamwambia kuibia ni haramu, na anayeibisha ana dhambi sawa na anayeiba. Nikamwuliza kama hana haya, nikamwuliza kama amenisikia. Tangu homa ile, mtu hakuwahi kumgombeza mtoto huyu. Walimwonea huruma, walimwombea dua, walimpa sadaka. Nilimgombeza mpaka Bi Siwema akachungulia juu ya ua kutaka kujua mtoto wa nani anasemwa hivyo.

"Wangu!" nikamjibu. "Ananipa kazi, huyu!"